Golikipa Juu ya Tangazo la Msiba

Pii. Kimya. Pii. Kimya. Halafu pii-pii-pii-pii bila kupumua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia UPS yetu, lile boksi jeusi la betri chini ya meza, kila umeme ulipokatika Bariadi. Nimesahau sauti za watu niliosoma nao, lakini mlio ule naweza kuuigiza hata sasa hivi nikiwa napepeta mchele. Pii ya taratibu ilikuwa inasema: una dakika chache, maliza ulichoanza. Pii ya mfululizo ilikuwa inasema: ulikuwa wapi siku zote? Mimi nilikuwa mtu wa kungoja hiyo ya pili.

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kafe ya intaneti. Kafe ni jina tu. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nne, kilichomegwa kutoka duka la spea za baiskeli la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye mji mzima ulimwita Tajiri, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Humu ndani sitamtaja mtu kwa jina. Nimeyaogopa majina, na ukisoma utaona sababu.

Ilikuwa miaka ambayo kila mtu alikuwa ameruhusiwa kuuza kila kitu. Pamba ilikuwa na wanunuzi wengi, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Minara ya simu ilikuwa inaota milimani. Tajiri alikuwa akiangalia hayo yote, anajipiga paja.

"Zamani gazeti lilikuwa la wakubwa," aliniambia siku moja. "Leo hata mimi muuza tairi naweza kuwa na langu. Nani atanizuia?"

"Hakuna, Tajiri."

"Basi utaliandika wewe. Mwandiko wako unasomeka na unacheka na watu."

Ndivyo blogu ilivyozaliwa. Mpwa wake, kijana wa Dar aliyesomea kompyuta, aliijenga kwa mkono na kuikodishia nafasi kwenye seva. Seva yenyewe iko nchi gani sikuwahi kujua, nami sikuuliza, maana nilipenda kuiwazia iko mahali penye theluji. Kila habari ilikuwa faili lake, na kila picha faili lake. Niliandika bei ya pamba, mechi, harusi, ng'ombe waliopotea na rangi zao, na misiba. Moyoni nilikuwa tayari mtangazaji mkubwa. Nilikuwa nikifagia chumba kile huku nasoma habari kwa sauti, ufagio ndiyo kipaza sauti.

Mpwa alinifundisha kwa simu. "Dada, usipite mlango wa mbele wa blogu. Una mapambo mengi, kwa modemu yako hiyo utazeeka. Pita nyuma, ingia stoo moja kwa moja."

Stoo ilikuwa programu yenye madirisha mawili. Kushoto, mafaili yaliyoko kwenye kompyuta yangu. Kulia, mafaili yaliyoko kule kwenye seva. Unalishika faili kushoto, unaliburuta kulia, basi, limesafiri. Furaha niliyoipata siku ya kwanza siwezi kuisimulia. Niliburuta picha ya kuku wa Tajiri, na mtu wa Mwanza akapiga simu kusema amemwona kuku.

Alinionya mambo mawili. La kwanza, nitenge picha kwa miezi, kila mwezi na folda lake. Nikaona ni kusumbuana. Kwetu ng'ombe wa nyumba nzima wanalala zizi moja na kila mtu anamjua wa kwake. Nikaweka picha zote folda moja, na kila picha nikaipa jina la mwenye sura. La pili, programu ikiniuliza kitu nisome kwanza kabla ya kujibu. Ilikuwa inauliza kwa Kiingereza, tena kila mara: faili la jina hili lipo tayari kule, unataka hili jipya lichukue nafasi yake? Chini yake palikuwa na kiboksi kidogo cha kusema usiniulize tena. Nilikitia tiki wiki ya pili. Niliona nimekuwa fundi.

Sasa, mtu wa kwingine angeweza kuishi hivyo miaka asipate shida. Lakini sisi ni Wasukuma. Kwetu mapacha hawachaguliwi majina, majina yanawangoja mlangoni: anayetangulia kutoka ana lake, anayefuata ana lake, awe wa kike awe wa kiume. Ukisimama sokoni siku ya gulio ukaliita lile la kwanza, watageuka watu kumi na wawili. Mimi nililijua hilo tangu naanza kutembea, na bado nikalifanya jina kuwa jina la faili.

Mama mmoja alikuja asubuhi na binti yake, kutoka kijiji cha saa mbili kwa miguu. Macho yao yalikuwa yamevimba.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwangaluka, ng'wana wane." Akaniitikia kama mwanawe, akakaa, akafungua fundo la khanga. Ndani mlikuwa na picha, pembe moja imeliwa na mchwa.

Alikuwa na mabinti mapacha. Yule wa kwanza alikuwa amefariki jana yake kwa homa, na mjomba wao aliyekuwa Dar alikuwa amesema watu wa huko wote wataona tangazo likiwekwa kwenye blogu ya Tajiri. Huyu aliyekuja naye ndiye pacha wa pili. Hawakufanana hata kidogo: marehemu alikuwa mwembamba, mrefu, na kwenye picha amesimama mbele ya lundo la pamba, jua limemfumbisha jicho moja, kama anamkonyeza mpigapicha. Hiyo ndiyo ilikuwa picha yake pekee ya ukubwani.

Nikaiskani taratibu, nalia nao. Mimi huwa nalia misiba ya watu nisiowajua. Nikaandika tangazo, nikaiita picha jina lake, nikaburuta. Walipoiona kwenye kioo, mama alikigusa kwa kidole.

Pacha akauliza, "Tunaweza kupata ya kuchapa?"

"Wino wa rangi umeisha. Njooni baadaye, hata mwakani. Ikishaingia humu haipotei. Haifi."

"Haifi?" mama akauliza.

"Haifi, mayu. Karatasi ndiyo inaliwa na mchwa."

Nilisema kwa sauti ile ya ufagio. Kesho yake, wakati wa kuzika, pacha akaiweka ile picha ya karatasi mikononi mwa dada yake, wakafunga jeneza. Kwa nini wabaki nayo? Mtu wa kompyuta alikuwa amewaambia haifi.

Miezi ikapita. Siku moja timu ya Nassa ikaifunga timu yetu, na golikipa wao alikuwa amedaka penalti mbili. Nilikuwa na picha yake, glavu juu, meno yote nje. Naye alikuwa pacha wa kwanza. Nilikuwa nimeshaandika habari, nimeipa picha jina lake kama kawaida, na umeme ukakatika. Pii. Kimya. Pii. Nikaburuta habari. Pii-pii-pii. Nikaburuta picha. Programu haikuniuliza kitu, si nilikuwa nimeikataza? Kioo kikazima, nikashangilia kama golikipa mwenyewe. Nimewahi!

Sikujua nimefanya nini mpaka mama aliporudi. Alikuja na pacha na shangazi mtu, dada wa baba yao, mwanamke mwenye kifua kipana na maneno ya kutosha. Safari hii walikuwa wamechangamka. Pacha alikuwa amepata chuo cha uuguzi Mwanza na alitaka kwenda na picha ya dada yake. Wino ulikuwepo.

"Kaeni, kaeni," nikasema. "Mtamwona sasa hivi."

Nikageuza kioo kiwaelekee wao, kwa madaha, bila mimi kutazama kwanza. Nikafungua tangazo.

Safari hii mama hakukigusa kioo. Nikachungulia. Palikuwa na maneno niliyoyaandika mwenyewe, kwamba binti yetu mpendwa amelala, na juu yake mwanaume mwenye glavu anacheka.

Nataka niseme ukweli hapa maana ndiyo sababu ya kuandika. Nilielewa papo hapo. Nilimtambua golikipa, nikaikumbuka pii, nikakikumbuka kile kiboksi. Ilikuwa kama kuona sufuria imeungua na mwiko uko mkononi mwako.

"Huyu ni nani?" shangazi akauliza.

"Sijui."

"Mtoto wetu yuko wapi?"

"Imejibadilisha, shangazi. Mimi sijagusa kitu."

"Imejibadilisha yenyewe?"

"Yenyewe."

Shangazi akamtazama mama. Mama akamtazama pacha. Wakaondoka bila kuaga vizuri, na mimi nikabaki nimekishika kipanya kama nimeshika mkia wa kitu.

Nikampigia mpwa. Akasikiliza, akavuta pumzi.

"Umeweka mpya juu yake, dada, imeifuta. Ya kwanza haipo. Una bekapu?"

"Bekapu ndiyo nini?"

"Basi. Wenye seva wanahifadhi nakala za wiki moja tu. Kwenye kompyuta yenu je?"

Kompyuta yetu ilikuwa imejaa virusi tukaifuta yote mwezi uliopita. Nilimtafuta hata yule mjomba wa Dar. Alisema aliiona picha akaangalia, akalia, akafunga. Hakuihifadhi. Nani anahifadhi picha ya msiba kwenye kompyuta ya kulipia?

Nilimwomba Mungu wale watu wasirudi. Hayo ndiyo maombi yangu, nayaandika kama yalivyokuwa.

Akarudi pacha, peke yake, wiki mbili baadaye. Alikuwa amekuja mjini kusaga, ana unga kichwani. Akasimama mlangoni.

"Siendi tena chuo," akasema.

"Kwa nini?"

"Wazee wamekaa. Wanasema dada yangu ameficha sura yake, na ametuonyesha huyo mwanaume, kwa hiyo kuna jambo anataka. Mapacha hawaachani hivi hivi. Nisivuke mto Simiyu mpaka tambiko lifanyike, na mtu wa kulifanya yuko kwa ndugu zake Shishiyu, hatarudi mpaka baada ya mavuno. Chuo kimeshafunguliwa. Wamenipa mpaka Jumatano, baadaye nafasi anapewa mwingine." Akacheka kidogo, si cheko la raha. "Golikipa wenu amenidaka."

Nikasema pole.

"Wewe unazijua hizi mashine," akasema. "Niambie tu mimi. Zinaweza kufanya kitu kama kile zenyewe?"

Alikuwa amenipa mlango wazi. Hakuwa na hasira, wala shangazi hakuwepo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema.

"Zinaweza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akajitwisha unga vizuri, akaenda.

Nilikuwa nimesema uongo wa kwanza kwa mshtuko, huo nadhani hata malaika angeuelewa. Huu wa pili niliusema nikiwa nimetulia, nimekaa kwenye kiti, ili mtu mwingine abebe badala yangu. Na aliyebebeshwa ni marehemu. Nilikuwa nimemfanya msichana aliyekonyeza kwenye jua aonekane anamfunga kamba mguuni pacha wake.

Jumapili nikatembea hizo saa mbili. Njiani nilipanga maneno mazuri, ya seva na ya umeme na ya Kiingereza. Nilipofika kwao yote yakaniacha. Mama alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba, shangazi anasuka ukili.

"Karibu, mtu wa mashine," shangazi akasema. "Umetuletea golikipa mwingine?"

Nikapiga magoti. "Mayu, picha haikujibadilisha. Niliifuta mimi."

Shangazi akaacha ukili. "Sema tena."

Nikasema tena. Nikawaeleza kwamba kule kwenye seva kila jina lina debe moja tu. Nilikuwa nimeweka maji ya mtoto wao kwenye debe lile, halafu nikaja na maji ya golikipa, nikayatia humo humo bila kuchungulia ndani, kwa sababu nilikuwa na haraka. Na kwamba mashine ilikuwa na kawaida ya kuniuliza, mimi nikaiambia ikae kimya.

"Kwa hiyo hakuna jambo la marehemu," shangazi akasema polepole. "Kuna uvivu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na siku ile ulituambia yenyewe."

"Nilidanganya."

"Na mtoto alipokuja kukuuliza?"

Pacha alikuwa ametoka ndani, amesimama kwenye kizingiti. Sikuweza kumtazama. "Nilidanganya tena."

Shangazi akasimama. Nilidhani atanipiga, na kwa kweli ningefurahi. Akanishika mkono, akanipeleka kwa babu yao nyuma ya zizi, maana ndiye aliyekuwa amewaketisha wazee. Babu masikio yake yalikuwa yameziba.

"Anasemaje huyu?"

"Anasema picha aliifuta yeye!"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba! Mwambie mwenyewe. Kwa sauti!"

Basi nikasimama pale, mtangazaji niliyekuwa natamani kusikika mbali, nikapaza sauti kwa Kisukuma, kuku wakitawanyika: niliifuta mimi, nilikuwa na haraka, nikadanganya. Majirani wawili wakaja kwenye ua kusikiliza. Babu akataka nirudie kuanzia mwanzo, nikarudia. Mwishowe akauliza swali moja.

"Huyo mwenye glavu yuko hai?"

"Yuko hai, babu. Yuko Nassa. Anavua samaki."

"Mh," akasema. "Basi mwacheni mtoto aende."

Haikwisha kirahisi kama ninavyoandika. Walibishana mpaka jua likapinda. Shangazi alisema hata kama ni uvivu, kinga haimdhuru mtu, na pacha akafungwa uzi mweusi mkononi kabla ya kuruhusiwa kuvuka. Lakini aliruhusiwa. Aliniambia, "Jumanne napanda gari," kisha akaongeza, "Ungesema siku ile, ningekuwa nimeshaanza masomo."

Watu walipotawanyika mama akaja akakaa karibu yangu.

"Kwa hiyo haipo kabisa?"

"Haipo, mayu."

"Hata kule mbali?"

"Hata kule."

Akachambua michembe kidogo, anatoa yenye ukungu. "Na ile ya karatasi alikwenda nayo mwenyewe," akasema, kama anamweleza mtu mwingine. Halafu akaingia ndani, akatoka na bakuli la matobolwa ya moto, ile michembe iliyochemshwa, na karanga, akaliweka mbele yangu. "Kula. Umetoka mbali."

Nilikula. Kukataa chakula cha mama yule kungekuwa kosa la nne. Naye alikuwa ananitazama kuona kama nashiba.

Ijumaa yake Tajiri alikwenda msikitini, kafe haikuwa na mteja. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, akawa amenigombeza mpaka sauti ikamkauka, halafu akasema blogu ni yake lakini mkono ulikuwa wangu, nitengeneze mwenyewe.

Nikafungua stoo. Upande wa kulia golikipa alikuwa bado amekaa kwenye lile jina. Nikamhamisha, nikampa jina refu lenye timu yake na mwaka, nikarekebisha habari ya mechi imfuate. Nikarudi kwenye tangazo. Sehemu ya picha ikabaki mraba mweupe na alama ndogo ya kitu kilichovunjika. Ningeweza kuuondoa ule mraba, maneno yapande juu, na asingejua mtu kwamba paliwahi kuwa na sura. Nikalishusha faili la tangazo upande wa kushoto, nikalifungua, nikaandika chini ya mraba:

*Hapa palikuwa na picha ya marehemu. Haikujifuta, wala hakuna aliyeificha. Niliifuta mimi ninayeandika blogu hii, kwa haraka na kwa uvivu.*

Nikaisoma mara tatu. Kidole kilikwenda kwenye neno la mwisho, kikataka kulitoa, maana haraka peke yake ilitosha, kila mtu ana haraka. Nikakirudisha. Nikalishika faili, nikaliburuta kulia, nikakaa nikiangalia ule mstari mdogo wa kijani ukijaa polepole, mpaka ukafika.